Anza na kuanguka: kwa kijana wa Goma anayetaka kucheza filamu za karate

Karibu kila juma kijana mmoja au wawili hunijia kwenye parseli yetu, yaani kiwanja chetu, mtaani Katindo. Wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na neno lao la kwanza ni lilelile: "Yaya" (ndivyo tunavyomwita dada mkubwa), "unifundishe lile teke la kuzunguka." Ninajibu: sawa, lakini kwanza anguka hapa nikuone. Hapo kijana anatazama chini. Chini ni mawe meusi ya Nyiragongo, volkano yetu, yale yenye meno, tumeyafunika kwa magunia ya maranda na juu yake godoro la sponji lililochoka. Wengine huona aibu, wakajishusha polepole kama mtu anayekaa kwenye kigoda. Hao ninaanza nao kazi siku hiyohiyo. Wale wanaojirusha kwa nguvu ili kunionyesha ushujaa, wakapiga kisogo, ninawaambia wakae pembeni watazame wenzao mpaka kesho yake.

Mimi ni mwanamke wa judo. Nilivaa kimono mara ya kwanza nikiwa na miaka 12, na nimecheza filamu nyingi ndogo zilizotengenezwa hapa mjini kwa kamera ya kuazima au kwa simu. Karibu katika zote mimi ndiye ninayepigwa. Ndiyo kazi yangu, ninaipenda, na ndiyo ninayokufundisha hapa. Ukiijua hii, mateke utayapata tu.

Nilipokuwa mtoto tulikwenda kwenye sinema ya video, kibanda cha mbao chenye televisheni moja na mabenchi. Tulikuwa na akteri, yaani shujaa, na mabandi, yaani maadui wake, basi. Akteri ndiye tuliyemtazama, ndiye tuliyemwiga tukirudi nyumbani tukirushiana mateke barabarani. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuwa bandi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua jambo hili: mwishoni mwa Fist of Fury, filamu ya mwaka 1972, Bruce Lee anampiga adui teke, na adui anaruka kinyumenyume, anavunja ukuta na kutua mbali uani. Mwili ule unaoruka ni wa Jackie Chan. Alikuwa hajatimiza miaka 18, alikuwa kaskaderi tu, mtu wa kuanguka kwa niaba ya wengine, amewekwa mahali pa mchezaji mwingine, na uso wake haukutakiwa kuonekana. Tulishangilia teke. Kumbe kilichotufanya tuamini teke ni kijana aliyejua kuruka na kutua. Tangu nilipojua hilo, kila filamu ya karate ninaitazama kwa kumfuata anayeanguka. Nawe fanya hivyo kwa juma moja kabla ya kuanza mazoezi.

Sasa tuanguke.

Tafuta mahali. Goma mahali pa kuangukia hapapatikani bure, tumejengwa juu ya lava. Nenda kwa seremala, omba maranda, jaza magunia manne au matano, yapange yabanane, funika kwa shitingi (turubai la plastiki), uweke godoro juu. Mvua ikinyesha, anika maranda, yakilowa yanakuwa magumu kama udongo. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu. Vua saa, shanga, pete. Kata kucha, za miguu pia.

Anza umelala chali. Bana kidevu kifuani, utazame mkanda wako. Nyanyua mikono yote miwili, kisha piga godoro kwa viganja na mkono mzima mpaka kwenye kiwiko, mikono ikiwa mbali kidogo na mwili, si juu usawa wa mabega. Unapopiga, toa pumzi kwa sauti. Kile kishindo cha mikono ndicho kinachobeba uzito ambao ungebebwa na mgongo. Fanya hivyo mara 20. Kisha chuchumaa, jiviringishe kinyumenyume hadi mgongoni, piga. Ukiweza bila kisogo kugusa chini hata mara moja, ndipo usimame. Mtu mzima mwenye bidii anahitaji kama majuma matatu kutoka kuchuchumaa hadi kusimama, na mwenye haraka ninamrudisha nyuma. Kuanguka ubavu ni vilevile, ila unapiga kwa mkono mmoja. Kubiringika mbele ni kama gurudumu la chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo: unaanza na upande wa nyuma wa mkono, kisha bega, kisha mstari unakatiza mgongo hadi nyonga ya upande wa pili. Kichwa hakimo kwenye mstari huo. Usiweke kiganja chini kujizuia. Mkono ulionyooka ndio unaovunja kifundo na mtulinga.

Kosa ambalo karibu wote wanalo ni kubana pumzi. Mtu akiogopa anajaza kifua hewa na kuikaza, halafu anatua kama ubao. Ndiyo maana ninawalazimisha watoe sauti. Majirani wamezoea.

Ukishaweza kuanguka bila kuwaza, njoo kwenye kamera. Hapa watu wa karate wanapata taabu kuliko watu wa ngoma, na ninasema hivyo nikiwa mtu wa dojo, ukumbi wa mazoezi. Sisi tumefundishwa kufikisha pigo. Kwenye filamu pigo halifiki. Kinachotakiwa ni lionekane limefika, na anayeamua hilo ni mahali pa kamera.

Chukua wenzako wawili na simu moja. Wewe simama na mwenzako mkitazamana, umbali wa mkono wako ulionyooka na kiganja zaidi. Mwenye simu asimame nyuma ya bega la anayepiga, ili aone uso wa anayepigwa. Sasa zungusha ngumi kwa mbele ya uso wa mwenzako, ipite mbali naye. Tazameni picha. Lenzi haijui umbali kama macho mawili yanavyojua. Ngumi imekatiza kati yake na shavu, basi imepiga shavu. Kisha mwenye simu ahamie ubavuni, mfanye vilevile. Mtaona pengo lote, na pambano limekufa. Siku ya kwanza ya mazoezi na watu wapya ninafanya jaribio hili kabla ya neno lolote, maana baada yake hakuna anayetaka tena kumgusa mwenzake kweli.

Pigo linakwenda kwa hatua tatu: macho, pumzi, pigo. Anayepiga anatafuta macho ya mwenzake. Macho yakimjibu, anavuta pumzi ya kuonekana, mkono unarudi nyuma. Kisha anapiga. Kama macho hayajajibu, hapigi, hata kama kamera inazunguka na mwongozaji anapiga kelele. Anayepigwa anaanza na kichwa, kinafuata bega, kiuno, mwisho miguu. Ukianza na miguu watu wanaona umejiangusha. Na kichwa kifuate njia ya ngumi: ikitoka kulia kwako, uso unakwenda kushoto. Jambo jepesi, lakini mtu akiwa na woga analigeuza.

Kanuni kubwa ni hii, nimeiandika kwa chaki ukutani: anayepigwa ndiye anayeongoza. Chukua mfano wa kukabwa koo. Mikono ya anayekaba inakaa chini, juu ya mitulinga, haigusi koo kabisa. Anayekabwa anamshika mwenzake vifundo vya mikono na kuivuta mikono hiyo kwake, huku anayekaba akifanya kama anasukuma. Mishipa inatoka, uso unabadilika, na wakati wowote anayekabwa akiachia, mchezo umekwisha. Kuvutwa nywele ni vilevile: ngumi iliyofungwa inakaa juu ya kichwa bila kushika unywele, na mwenye nywele anaubana mkono ule kwa mikono yake miwili kichwani mwake, kisha anatembea mwenyewe kana kwamba anakokotwa. Mimi ni mwanamke, na mara nyingi nimechezeshwa matukio ya mwanamke anayepigwa. Bila kanuni hii nisingekubali hata moja.

Kuhusu kasi. Picha ya sinema ni 24 kwa sekunde. Pigo la haraka mno linaanguka katikati ya picha mbili au tatu, mtazamaji anaona ukungu. Bruce Lee mwenyewe, alipoanza kucheza kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1966, aliombwa apunguze mwendo. Kwa hiyo sisi tunarudia pambano polepole sana kwanza, kama watu walio ndani ya maji, kisha nusu ya kasi, na siku ya kurekodi tunafika robo tatu. Kasi kamili hatufiki kamwe. Afadhali uweke kituo kidogo baada ya kila pigo, jicho la mtazamaji lipumzike. Jackie Chan alilelewa miaka 10 katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, na katika opera ile mapigano yanakwenda na ngoma na matoazi. Ukimtazama vizuri unaisikia ngoma hata pasipo na ngoma. Sisi huku hatukosi ngoma. Mimi huhesabu pambano kwa kupiga jerikani ya bidoo ya lita 20: moja, mbili, tatu, kimya. Tano, sita, kimya, kimya, anguka. Mtu akisahau pigo, anashikwa na mdundo.

Ndiyo maana nikiambiwa nichague kati ya kijana mwenye mkanda mweusi na kijana anayecheza dansi vizuri, ninamjaribu mchezaji dansi kwanza. Michelle Yeoh, mchezaji wa filamu za mapigano aliyepata tuzo ya sinema ya Oscar mwaka 2023, alisomea baleti Uingereza, hakutoka dojo. Alijifunza mapigano kwenye kazi kwa sababu mwili wake ulikuwa tayari unajua kukariri mwendo. Jet Li alipita njia nyingine: alikuwa bingwa wa taifa wa wushu, mchezo wa mapigano wa Kichina, huko China akiwa bado mtoto, miaka ya 1970, kabla ya filamu yake ya kwanza mwaka 1982. Njia zote mbili zipo. Ambayo haipo ni ya mtu anayekuja na misuli peke yake.

Sasa nieleze siku yangu mbaya, maana ndiyo iliyonifundisha nusu ya haya.

Mwaka 2022 tulikuwa tunarekodi kwenye lava mpya kule Buhene, ile iliyoshuka tarehe 22 Mei 2021 ikasimama pale kabla ya kuingia mjini. Ni mahali pazuri sana pa kamera: nyeusi yote, mvuke, mlima nyuma. Lakini pambano tulilifanyia mazoezi kwenye majani, siku nne, mahali pengine. Tulifika Buhene jua linaanza kushuka. Mwongozaji akasema tusirudie mazoezi, mwanga unakwisha. Nikakubali. Hilo ninalichukua mwenyewe, nilikuwa na umri na ujuzi wa kukataa. Mwenzangu aliporusha teke, mguu wake wa chini ulizama kwenye ufa wa jiwe. Teke likaja chini na karibu kuliko tulivyozoea, likanipata begani, nami nikaanguka pasipo godoro. Mtulinga ulivunjika. Majuma sita mkono ulikuwa umefungwa kifuani, na dawa nililipa kwa pesa ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ambayo nilikuwa nimeitunzia ada ya watoto. Hakukuwa na karatasi hata moja iliyosema nani alipe.

Toka siku hiyo sipigani mahali ambapo sikufanyia mazoezi palepale, kwa viatu vilevile. Ninatembea uwanja mzima kwa miguu kabla ya kazi, nikiokota vipande na kuziba nyufa kwa mchanga. Na ninaogopa kurudia. Jackie Chan aliumia vibaya kichwa mwaka 1986 huko Yugoslavia alipoanguka kutoka kwenye mti, mfupa wa fuvu ukapasuka, akapasuliwa. Kule kuruka mara ya kwanza kulikwenda salama, akataka kulifanya tena liwe bora zaidi. Mwongozaji akikuambia "mara moja tena," jiulize mwili wako kwanza. Ukisikia magoti yanatetemeka, jibu ni hapana, kesho.

Karatasi yenyewe si ngumu. Iandike kwa mkono, mtie sahihi wawili na shahidi mmoja. Iseme siku ngapi, pesa ngapi na zitolewe lini, nani analipa usafiri na chakula, na kwa maneno yasiyozunguka: mchezaji akiumia kazini, matibabu ni ya mwenye filamu. Mimi nimelipwa dola 10 kwa siku, nimelipwa 30, nimelipwa bugari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Chakula si aibu mkiwa mnajenga kitu pamoja na mmekubaliana hivyo. Aibu ni kuahidiwa na kusubiri. Mwenye filamu akikataa sentensi ya matibabu, mshukuru, rudi nyumbani.

Damu: chemsha vikombe viwili vya sukari na kimoja cha maji mpaka iwe nzito, acha ipoe, tia rangi nyekundu ya chakula na nusu kijiko cha kakao ili isiwe nyekundu ya pipi. Ikiwa nyepesi, unga wa mahindi kidogo. Inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Damu ya mnyama kutoka machinjioni usikubali iletwe karibu na mdomo au macho yako, ina magonjwa.

Kuna mambo ambayo kitabu cha Hong Kong hakitakuambia, ni ya hapa kwetu tu. La kwanza: usivae tenue, yaani sare, ya kijeshi wala ya polisi barabarani, na usibebe bunduki ya mbao nje ya parseli, hata kwa dakika mbili, hata ikiwa imepakwa rangi vibaya. Mtu aliye mbali haoni rangi. Hadithi yako ikihitaji askari, mfunge mlango, mrekodi ndani, au mbadilishe hadithi. Mimi huwaambia vijana waandike maadui wa mikono mitupu. Karate ni ya mikono mitupu tangu mwanzo.

La pili: kabla ya kupiga picha nje, nenda kwa shefu wa avenue, yaani kiongozi wa barabara, kisha kwa shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa, mkiwa wawili au watatu, na karatasi inayosema siku, saa na majina. Halafu pita nyumba kwa nyumba uwaambie watu. Hii si heshima peke yake. Siku moja kwenye njia ya kuelekea soko la Virunga tulicheza tukio la mimi kupigwa na kuangushwa. Tulikuwa tumepata ruhusa, lakini hatukuzunguka kuwaambia watu. Mama mmoja muuza makala, yaani mkaa, alitupa mzigo wake, akamrukia mwenzangu kwa nyuma, akamng'ang'ania shingo kwa nguvu zote. Niliamka nikimwambia, mama, ni filamu, mama, sijaumia. Alinishika uso kwa mikono yake yenye masizi, akanitazama kila upande, akaanza kulia. Nami nikalia. Watu wa mji huu wameona vipigo vya kweli, na sisi tulikwenda kuwatupia vya uongo mbele ya macho bila neno. Siku hizi tunaweka kijana mmoja kila mwisho wa barabara, kazi yake ni kuwaambia wapita njia na kuwasimamisha wamotari, madereva wa pikipiki.

La tatu nalisema kwa herufi zote: neno "mwizi" lisitamkwe kwenye tukio la nje. Kamwe. Andika "mshike" au "simama", andika lolote. Ukipiga kelele za mwizi mtaani Birere, watu watakuja na mawe kabla hujamaliza sentensi, na mwenzako anayekimbia hatapata nafasi ya kueleza kwamba anaigiza. Sauti hiyo mtaiweka baadaye, ndani, kwenye kompyuta.

Ukishafanya kazi miezi kama sita, tengeneza video fupi ya kujionyesha. Dakika moja inatosha. Anza na uso wako, sema jina na urefu wako, sema lugha unazojua. Kisha kuanguka kwa aina tatu bila kukata picha, kisha mapigo manne unayopokea, mwisho pambano fupi na mwenzako. Usiweke muziki, usipunguze mwendo wa picha. Anayetafuta wachezaji anataka kuona unavyotua. Na uigize: mpe anayeanguka sababu ya kuumia. Kijana anayejua kuanguka huku uso wake ukisema kitu, huyo ninamwita kabla ya wote.

Usingoje Hollywood ikupigie simu. Wakaliga, mtaa wa hali ya chini pale Kampala, Isaac Nabwana na majirani zake walianza kutengeneza filamu zao za kung fu na mapigano kwa vyuma chakavu na kompyuta alizoziunganisha mwenyewe, na leo zinatazamwa mbali sana. Hapa Goma, vijana wameshika kamera kwa mara ya kwanza kwenye Yolé!Africa, kituo cha sanaa. Jiunge na watu, beba taa, shika kipaza sauti, jifunze kukata picha. Mwili hauwi wa miaka 20 daima, na anayejua kupanga pambano anaendelea na kazi hata magoti yakichoka. Yuen Woo-ping alianza kwa kuanguka kwenye filamu za wengine, ndiye aliyekuja kupanga mapigano ya The Matrix, mwaka 1999. Na wenye Oscar wametangaza kwamba kuanzia filamu za mwaka 2027 kutakuwa na tuzo ya watu wa kazi yetu, wanaobuni mapigano na maanguko. Niliposoma habari hiyo niliwasomea vijana kwa sauti, mara mbili.

Kesho yake baada ya mazoezi ya kwanza utaamka mwili wote unauma. Gusa shingo. Ikiuma kwa mbele, chini ya kidevu, ni vizuri, maana yake ulibana kidevu kweli, misuli ile haijazoea. Oga maji ya moto, kula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, rudi kesho kutwa. Ikiuma kwa nyuma, ulikuwa unaachia kichwa, rudi kwenye kulala chali uanze upya mara 20. Ukisikia kichwa kizito, kichefuchefu, au mwanga unakuchoma macho, usije kwangu na usilale ukiwa peke yako. Mwambie mtu wa nyumbani, mwende kwa daktari siku hiyohiyo. Godoro litakungoja.